Nadharia za Njama: Jinsi Léo Taxil Alivyowadanganya Wakatoliki kwa Miaka 12

Nadharia ya njama ni maelezo yanayodai kwamba mambo makubwa ya dunia huendeshwa na kundi dogo la watu waliojificha, wenye nia mbaya na uwezo usio na mpaka. Kusema hivyo si kukana kwamba njama zipo. Yuda Iskariote alipatana kwa siri na wakuu wa makuhani, na tangu hapo wengi wamekula njama za kuiba, kuua na kupindua tawala. Lakini njama za kweli zina tabia moja: wahusika wake ni wachache, wana majina, hugombana, husahau kitu mezani, na mwishowe hujulikana. Yuda mwenyewe alizirudisha fedha. Nadharia tunazozizungumzia hapa ni za namna nyingine. Ndani yake hakuna mla njama anayekosea, hakuna anayejuta, na kila jambo linalozipinga hugeuzwa kuwa ushahidi wa kuziunga mkono.

Mfano ulio wazi kuliko yote tuujuao haukutokea kwa wasioamini. Ulitokea ndani ya nyumba yetu wenyewe, nchini Ufaransa, kati ya mwaka 1885 na 1897, nao uliwagusa mapadre, maaskofu, makardinali na hata Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Tunausimulia kwa urefu kwa sababu habari za namna hiyo bado zinapita katika simu zetu.

Mtu aliyeusababisha aliitwa Gabriel Jogand-Pagès, mzaliwa wa Marseille, aliyejulikana kwa jina la uandishi la Léo Taxil. Alianza kama mwandishi mwenye chuki kubwa dhidi ya Kanisa. Vitabu vyake viliwadhihaki mapadre na watawa, na kimoja kilichomtukana Papa Pio IX kilimfikisha mahakamani. Mwaka 1881 aliingia katika chama cha Wamasoni, ambao mitaani kwetu huitwa Frimasoni, lakini alifukuzwa akiwa bado katika daraja la kwanza. Kisha, mwaka 1885, alitangaza kwamba ameongoka. Alizikana kazi zake za zamani, akaomba maondoleo, akapokewa tena katika Kanisa kwa furaha iliyo kubwa, kama apokewavyo mwana mpotevu.

Wakati huo ulimfaa sana. Mwaka uliotangulia, Papa Leo XIII alikuwa ametoa waraka wake Humanum genus, uliolaani mafundisho ya Umasoni. Waamini walitaka kujua zaidi, na hapo akatokea mtu aliyesema, “Mimi nilikuwa ndani, nimeona kwa macho yangu.” Vitabu vyake vya kufichua siri za Wamasoni viliuzwa kwa wingi. Mwaka 1887 Baba Mtakatifu mwenyewe alimpokea Vatikani. Tuliangalie jambo hilo kwa makini: Papa alimpokea mwongofu aliyetubu, kama mchungaji anavyopaswa kufanya. Hakuthibitisha kila ukurasa aliouandika. Lakini machoni pa wasomaji wengi, tofauti hiyo ilipotea. Mtu aliyeingia Vatikani hawezi kuwa mwongo!

Kuanzia mwaka 1892 Taxil, akishirikiana na daktari mmoja aliyeitwa Karl Hacks, alitoa kwa vipande kitabu kikubwa kiitwacho Le Diable au XIXe siècle, yaani Shetani katika karne ya 19, chini ya jina la uongo la Daktari Bataille. Humo msomaji aliambiwa kwamba ndani ya Umasoni kuna chama kingine cha siri zaidi, Palladi, kinachomwabudu Lusiferi. Makao yake makuu yalisemekana kuwa Charleston, Marekani, chini ya Albert Pike, kiongozi wa Wamasoni aliyedaiwa kuwa na simu iliyobuniwa na shetani mwenyewe. Chini ya mwamba wa Gibraltar yalidaiwa kuwapo mapango ambamo vyombo vya ibada ya mashetani vilikuwa vikitengenezwa. Tena kuna pepo aliyejigeuza mamba akapiga kinanda mbele ya watu. Mamba na kinanda! Watu wazima, wenye elimu, walisoma hayo na kuyapitisha kwa wengine.

Waliwezaje? Jibu la kwanza ni kwamba hawakuanza na mamba. Walianza na jambo la kweli: Wamasoni wapo, wana siri, na nchini Ufaransa wengi wao walikuwa wakipigania sheria za kuibana elimu ya Kikatoliki na mashirika ya kitawa. Aliyekubali hatua hiyo ya kwanza alikuwa sahihi. Hatua ya pili iliongeza kidogo, ya tatu ikaongeza kidogo tena, na kila hatua ilionekana ndogo ikipimwa na ile iliyotangulia. Hakuna aliyerudi nyuma kupima umbali kati ya mwanzo na mwisho.

Jibu la pili ni wingi wa maelezo. Taxil alitaja miji, tarehe, vyeo, majina ya pepo, hata mpangilio wa samani ndani ya hekalu la siri. Msomaji alidhani kwamba mtu hawezi kubuni mambo mengi kiasi hicho. Kumbe kubuni ndiko kurahisi, kwa maana mbunifu hazuiwi na chochote. Shahidi wa kweli mara nyingi husema, “Hapo sikuona vizuri.” Tena maelezo elfu moja kutoka kinywani mwa mtu mmoja bado ni ushuhuda wa mtu mmoja. Magazeti ya Kikatoliki ya wakati ule yalipoyanakili, ilionekana kana kwamba mashahidi wameongezeka, wakati ukweli ni kwamba walioongezeka ni wasimulizi tu. Ndivyo ilivyo leo ujumbe uleule unapotufikia kupitia makundi sita ya simu: tunahesabu mashahidi sita, na chanzo ni kimoja.

Tazama pia aliyechaguliwa kubebeshwa lawama. Albert Pike alifariki mwaka 1891, kabla kitabu hicho hakijaanza kutoka. Maiti haishtaki, wala haiandiki barua ya kukanusha.

Lakini walikuwapo walio hai walioweza kukanusha, na hapa tunafika kwenye sehemu ya historia hii inayotupa heshima kama Kanisa. Askofu wa Charleston aliujua mji wake. Alisema waziwazi kwamba habari za hekalu la Lusiferi jijini mwake hazikuwa na ukweli. Vika wa Kitume wa Gibraltar naye alikana kwamba kulikuwa na mapango ya namna ile. Hawa hawakuwa marafiki wa Umasoni; walikuwa wachungaji waliosema wanachokijua kuhusu eneo walilokabidhiwa. Walistahili kusikilizwa kuliko mtu mwingine yeyote. Badala yake, kwa wale waliokwisha kusadiki, maneno yao yalihesabiwa kuwa dalili kwamba Wamasoni wamewatisha au wamewadanganya. Huo ndio ufunguo wa kosa lote. Ukipata ushahidi, nadharia imethibitika. Usipoupata, umefichwa, kwa hiyo nadharia imethibitika. Dai ambalo haliwezi kushindwa na jambo lolote halijapimwa na jambo lolote.

Baadaye akatokea Diana Vaughan. Katika maandishi ya Taxil na wenzake, huyu alikuwa mwanamke wa Kimarekani, kuhani mkuu wa Palladi, aliyelelewa katika ibada ya Lusiferi. Mwaka 1895 ilitangazwa kwamba ameongoka kwa maombezi ya Yoana wa Arc, naye akaanza kuchapisha kumbukumbu zake pamoja na sala za novena ya Ekaristi. Hakuna aliyemwona hadharani. Ilielezwa kwamba Wamasoni wanamwinda ili wamuue, kwa hiyo lazima ajifiche. Aliishi katika karatasi tu, na kutoonekana kwake kulizidi kuwagusa waamini.

Katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, sista kijana mgonjwa wa kifua kikuu alisoma habari zake na kuguswa sana. Sista Theresia alikuwa akimpenda Yoana wa Arc. Alikuwa ameandika michezo juu yake na kuigiza sehemu yake mbele ya masista wenzake. Mwezi Juni 1896 aliandika mchezo mwingine mfupi uliomtaja Diana Vaughan na ushindi wa unyenyekevu juu ya mashetani. Kisha, kwa ushauri wa Mama Agnes wa Yesu, dada yake wa damu, alimwandikia mwongofu huyo na kumpelekea picha yake akiwa amevaa kama Yoana gerezani. Jibu la shukrani lilirudi. Tunaweza kufikiri furaha yake: alikuwa amewaombea wakosefu tangu utoto wake, na sasa mmoja aliyetolewa katika kina cha giza alimwandikia kwa mkono wake.

Wakati huohuo, nchini Ujerumani, Padre Hermann Gruber, Mjesuiti aliyeuchunguza Umasoni kwa miaka mingi na kuupinga kwa hoja nzito, alikwisha kuona kwamba jambo hili ni uzushi. Pamoja na gazeti la Kikatoliki la Kölnische Volkszeitung, aliusema wazi. Tungependa msomaji ashike jambo hili: aliyeufichua uongo juu ya Wamasoni alikuwa mpinzani wao mkubwa. Aliujua ukweli kuhusu Umasoni, kwa hiyo aliutambua uongo. Na aliona kwamba siku uongo huo utakapopasuka, pingamizi la kweli la Kanisa lingechekwa pamoja nao.

Mwezi Septemba 1896 ulifanyika mkutano wa kimataifa wa kupinga Umasoni katika mji wa Trento. Taxil alihudhuria na kushangiliwa. Lakini wajumbe kutoka Ujerumani walisimama na kuuliza maswali yanayoulizwa kila siku katika ofisi ya parokia. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Ni padre gani aliyempokea katika Kanisa? Hakuna elimu ya juu inayohitajika kuuliza hivyo. Kila katekista anajua kwamba mtu hapewi sakramenti bila jina lake kuandikwa katika daftari, na jina la padre pembeni yake. Taxil alijibu kwamba uthibitisho anao, ila hawezi kuutoa hadharani kwa ajili ya usalama wa Diana. Tume iliundwa Roma kulichunguza jambo hilo, na mwezi Januari 1897 ikasema kwamba haikupata uthibitisho wa kukata shauri, wala wa kwamba yupo wala wa kwamba hayupo. Wengine wameilaumu tume kwa jibu hilo la baridi. Sisi tunaona lilikuwa jibu la watu waliokataa kusema zaidi ya walichokiona, jambo lililokuwa adimu katika mwaka ule.

Taxil alibanwa. Akatangaza kwamba Diana Vaughan atajitokeza mbele ya waandishi wa habari jijini Paris, katika ukumbi wa Chama cha Jiografia, Jumatatu ya Pasaka, Aprili 19, 1897. Ukumbi ulijaa mapadre, waandishi, na watu wa kila namna. Badala ya Diana alipanda Taxil peke yake. Aliwaeleza kwamba kuongoka kwake kulikuwa mzaha tangu siku ya kwanza; kwamba Palladi haijapata kuwako; kwamba Diana Vaughan alikuwa jina la mwandishi wake wa mashine, aliyemlipa mshahara kwa kunakili barua. Alijisifu kwamba hata ujanani aliwahi kuwatia hofu watu wa Marseille kwa habari za papa waliovamia bahari yao, na baadaye akawafanya wataalamu watafute mji uliozama chini ya ziwa la Geneva. Ghasia zilizuka, akatoka ukumbini akilindwa na polisi.

Na katika mkutano ule picha moja ilionyeshwa kwenye pazia: Yoana wa Arc gerezani. Ilikuwa picha ya Sista Theresia wa Lisieux. Magazeti yalilitaja jambo hilo, na habari ikafika monasterini. Inasimuliwa kwamba aliichana barua ya yule “mwongofu” akaitupa kwenye lundo la takataka la bustani. Alikuwa amebakiwa na miezi mitano tu ya kuishi, naye alikuwa tayari katika giza kuu la kujaribiwa imani. Mwezi Juni mwaka ule aliandika jinsi alivyokubali kuketi kwenye meza ya wasioamini na kula mkate wao wa uchungu mpaka Mungu atakapopenda. Baadhi ya wanaomsoma huona kivuli cha Taxil katika kurasa hizo. Alifariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24. Mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa misioni, na mwaka 1997 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Kudanganywa kwake hakukuwa dhambi. Alipokea kwa moyo safi kile ambacho wengine, wenye njia zote za kuchunguza, walikuwa wamekipitisha bila kukichunguza.

Ungedhani kwamba ungamo la mzushi mwenyewe lingemaliza mambo. Wapo waliodai kwamba Taxil amehongwa na Wamasoni, au kwamba Diana wa kweli ameuawa. Na maneno ambayo Albert Pike anadaiwa kuyatamka mwaka 1889 kumsifu Lusiferi, maneno yaliyotoka katika karakana ya Taxil, bado yanazunguka leo, yakiwa yamepambwa kwa picha na tarehe kamili, mara nyingi yakipitishwa na Wakristo wenye nia njema.

Katika nchi zetu mambo haya si mageni. Wazee wa pwani wanalijua neno mumiani, na enzi za ukoloni ilivuma kuanzia Nairobi hadi Kampala kwamba wazimamoto hukamata watu usiku ili kuwanyonya damu. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, uvumi wa namna hiyo uliwalenga hata Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe walioleta Injili katika sehemu kubwa ya eneo letu. Watu walikuwa na sababu za kweli za kuogopa, maana utawala wa kikoloni uliwanyonya hasa, kwa kodi na kazi za shuruti. Walikosea pale walipomtafutia mnyonyaji uso wa jirani aliyekuwa karibu.

Uso wa jirani ndio hatari yenyewe. Siku hizi kijana akijenga nyumba upesi, au mwanamuziki akifanikiwa, husemwa ni Frimasoni, akifiwa na ndugu, “amemtoa kafara.” Hoja yake ni ileile ya Taxil: utajiri ni ushahidi, kukana ni ushahidi, na kukaa kimya nako ni ushahidi. Katika maeneo ya Usukuma, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokaa miaka mingi katika moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya dai ambalo hakuna aliyelithibitisha, kwamba viungo vyao huleta mali. Aliyeshika panga alikuwa wa mwisho katika mnyororo mrefu wa watu waliosema, “Nimesikia.”

Je, basi Kanisa limelegeza msimamo wake juu ya Umasoni? Hapana. Tamko la Novemba 26, 1983, lililotolewa na Idara ya Vatikani ya Mafundisho ya Imani chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, lilisema kwamba kanuni za vyama hivyo haziwezi kupatanishwa na mafundisho ya Kanisa, na kwamba Mkatoliki anayejiunga navyo yumo katika dhambi nzito na hawezi kupokea Komunyo Takatifu. Msimamo huo ulirudiwa mwezi Novemba 2023. Sababu iliyotolewa ni ya mafundisho. Haitaji mapango, kafara wala simu ya shetani. Mwamini anayetaka kumsaidia kijana asijiunge anayo hoja ya kutosha na ya kweli. Akiongeza uzushi juu yake, atamfanya kijana huyo aidharau hoja yote siku atakapoukuta uzushi.

Upande wa maadili, jambo hili liko chini ya Amri ya Nane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477 na 2478, inafundisha kwamba mtu hutenda kosa la hukumu ya haraka anapoliona kosa la kimaadili la jirani yake kuwa kweli bila msingi wa kutosha, hata kama analisadiki kimyakimya tu moyoni. Hivyo wajibu hauanzi tunapobonyeza kitufe cha kutuma. Unaanza tunapokubali ndani yetu. Kabla ya hapo yapo maswali ya wajumbe wa Trento, nayo yanatosha katika Jumuiya Ndogo Ndogo yoyote: nani aliona, wapi, na jina lake limeandikwa wapi? Aliye karibu na tukio anasemaje? Na je, kuna jambo lolote ambalo likijulikana litatufanya tukiri kwamba si kweli?

Kwa aliyekwisha kutuma, Katekisimu, namba 2487, inaongeza wajbu wa malipizi. Kosa dhidi ya ukweli na haki linadai kurekebishwa hata baada ya kusamehewa katika Kitubio, na likiwa limefanywa hadharani, lirekebishwe hadharani inapowezekana. Kwa hali yetu, maana yake ni kurudi katika kundi lilelile la simu, mbele ya watu walewale, kulitaja jina la mtu aliyesingiziwa na kusema kwamba habari ile haikuwa na msingi. Pale ambapo aliyesingiziwa amepoteza kazi, ndoa au wateja wake, paroko ataweza kushauri namna ya kumfidia.